Uliza Fundi: Gari likizima majini, ufunguo usiuguse

Masika ikishika Dar es Salaam, barua za safu hii hubadilika. Za fenibelti zinazolia na magari yanayokula mafuta hukatika, zinaingia za maji. Mwezi huu nimeziweka pamoja, kwa sababu ukizichambua karibu zote zinauliza jambo moja: maji yamefanya nini ndani ya injini yangu, na nani alaumiwe. Nazijibu kama ninavyowajibu wateja hapa Gerezani, mikono ina oili, kwa hiyo nikimgombeza mtu asinune.

Liliwaka vizuri, iweje life leo?

*Shikamoo fundi. Nina IST ya mwaka 2005. Mwezi uliopita nilipita Jangwani jioni, maji yamefika kwenye bampa, lakini kila mtu alikuwa anapita. Katikati gari likazima lenyewe. Vijana wakanisukuma hadi pakavu, nikawapa chao, wakasema "piga stata bosi, litawaka." Nikapiga, likatoa "tk" likagoma. Nikarudia, nikarudia, mwisho likawaka, likatoa moshi mweupe, likatulia. Nimetembea nalo wiki mbili bila shida, isipokuwa kamtetemo kadogo likiwa kwenye foleni. Juzi nikiwa Ubungo injini ikaanza kugonga, ikapiga kishindo, oili yote chini. Fundi wangu anasema konrodi imekatika kwa sababu ya maji yale. Mimi nahisi anatafuta kuniuzia injini. Maji ya wiki mbili zilizopita yatavunjaje chuma leo? — Mwenye IST, Kimara*

Marahaba, kaka. Fundi wako hajakudanganya. Nitakujibu kwa kirefu, maana watu wengi wanaamini kama wewe kwamba gari likishawaka basi limepona.

Pistoni inapopanda, kazi yake ni kuibana hewa. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Kama IST yako ni ile ya lita 1.5, kila silinda inavuta hewa kama sentimita za ujazo 375, na pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama 40 tu. Chukua kijiko cha chakula, pima maji vijiko vitatu: nafasi ile imejaa na mengine yamemwagika. Kwa hiyo usifikirie ndoo. Vijiko vitatu vikikaa kwenye silinda moja, pistoni inapanda inakutana na kitu kisichobanika, na lazima kimoja kikubali. Silinda hedi imekazwa kwa bolti nene, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni pande la chuma. Konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, ndiyo nyembamba kuliko wote pale, basi ndiyo inayopinda.

Sasa, gari huzima majini kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya ghafla: injini iko kwenye mzunguko mkubwa, inameza maji, inasimama papo hapo kwa kishindo. Hapo mara nyingi uharibifu umeshafanyika kabla hujashusha kioo. Ya pili ni ya pole pole: koili zimelowa, au sensa imelowa, au mdomo wa kuvutia hewa umezibwa na maji, injini inakohoa kisha inakufa. Kwa hii ya pili konrodi zinaweza kuwa nzima kabisa, ila maji kidogo yamekaa juu ya pistoni. Wewe umeandika "likazima lenyewe", kishindo hukutaja. Naona ulifika pakavu na injini nzima. Iliyoiua ni stata.

Ile "tk" ni pistoni iliyogota kwenye maji. Stata ikirudiwa rudiwa inaweza yenyewe kuanza kuipinda konrodi, lakini ubaya mkubwa unakuja silinda ya jirani ikishika moto. Silinda moja ina maji, tatu ni kavu. Mojawapo ya zile kavu ikiwaka, mlipuko wake unazungusha kranki na kuipandisha ile yenye maji kwa nguvu ambayo stata haina. Moshi mweupe uliouona ulikuwa maji yanatoka kwa njia ya mvuke. Gari likatulia, ukafurahi, vijana wakafurahi.

Konrodi iliyopinda milimita mbili haikatiki siku hiyo. Inafanya kazi, tena vizuri tu. Ila pistoni haifiki tena juu kabisa, mgandamizo wa silinda ile umeshuka, ndiko kale kamtetemo kako ka kwenye foleni. Halafu injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda hiyo inapata milipuko 1,500, na kila mmoja unaibonyeza konrodi pale pale ilipopindia. Beringi inalika upande mmoja, pistoni inasugua ukuta wa silinda upande mmoja. Siku chuma kikichoka kinakatika, na kipande kilichobaki kwenye kranki kinaendelea kuzunguka mpaka kitoboe bloku. Ndiyo oili yote chini.

Usimwamini kwa maneno tu, wala usiniamini mimi. Siku anafungua silinda hedi, kasimame pale. Ndani ya kila silinda, juu kabisa, kuna mstari mweusi wa masizi pale ringi zinapoishia. Kwenye silinda nzima mstari huo ni mwembamba na umenyooka. Kwenye ile iliyokunywa maji utakuta mkanda mpana, au mistari miwili, wa zamani juu na mpya chini yake, kwa kuwa pistoni iliacha kufika ilipokuwa inafika. Mstari ule hakuna fundi wa kuuchora. Kisha konrodi zilizobaki zitolewe, uzilaze juu ya kioo kilichonyooka, ujaribu kupitisha karatasi chini yake. Nyingine nayo inaweza kuwa imepinda. Malizia kwa boksi la eya klina. Kichujio cha hewa kilichomo kikiwa kimekakamaa na kina alama ya matope, huhitaji shahidi mwingine.

Bloku iliyotobolewa usikubali ichomelewe. Injini za mtumba za IST zipo tele mjini hapa, nunua ukiwa na fundi wako, mzungushe kranki kwa mkono kabla hamjalipa. Na injini nyingine ina namba nyingine: peleka taarifa TRA kadi ya gari irekebishwe, usije ukahangaika siku ya kuliuza.

Kwa ambaye gari lake litazima kesho, nasema hivi. Zima swichi, toa ufunguo, weka mfukoni. Sukumeni mpaka pakavu. Fungua boneti, toa waya wa hasi wa betri. Fungua eya klina, ushike kichujio kwa mkono. Kikiwa kikavu, na bomba la nyuma yake ni kavu, una bahati. Kikiwa kimelowa, kazi ya barabarani imeisha, ita fundi. Atatoa plagi zote, atachomoa soketi za koili na za nozeli, ataingiza spana kwenye bolti ya puli ya kranki, aizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikienda laini bila kugota, ndipo apige stata, plagi zikiwa nje bado. Maji yataruka kupitia matundu ya plagi mpaka kwenye boneti, kwa hiyo usiwe umeinamia kuchungulia. Avute na kijiti cha oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini haiwashwi. Nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ikifunguliwa maji hutangulia kutoka, maana ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Weka oili ya bei nafuu, iache injini iungurume dakika chache bila kukanyaga, mwaga, rudia mpaka itoke safi, ndipo uweke oili ya kudumu na filta mpya.

Vijana wa Jangwani siwasemi vibaya, migongo yao imeokoa magari mengi. Lakini ujuzi wao unaishia kwenye kusukuma.

Kina gani ni salama?

*Hujambo mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Tegeta, naendesha Passo. Kila mvua kubwa wajukuu wananiambia "bibi pita tu, maji ni kidogo." Nitajuaje kidogo ni kipi? — Bibi wa Passo*

Sijambo mama, shikamoo. Wajukuu wanaangalia maji, wewe angalia tairi la gari lililotangulia. Maji yakiwa hayajafika ukingo wa chini wa rimu, pita pole pole. Yakifika kwenye kitovu cha tairi, pale nati zilipo, kwa Passo geuza. Kama hakuna gari mbele wala mtu anayetembea humo, huna kipimo. Usiwe wewe wa kupimia.

Ipo sababu nyingine mbali na injini. Passo ina uzito wa kama kilo 900. Maji yakishapita sakafu ya gari, kila sentimita 10 zinazoongezeka kabla hayajaingia ndani zinaliondolea gari uzito wa karibu nusu tani. Ukipiga hesabu utaona haihitaji mto kulinyanyua. Maji yanayotembea yakifika sentimita 30 yanaweza kuyasogeza magari madogo mengi, na yakifika 60 yanabeba hata magari makubwa. Tena maji yetu yana matope, huoni kama mfuniko wa mtaro umeng'olewa.

Ukiamua kupita, zima kiyoyozi kwanza, kwa sababu feni yake inarusha maji juu ya injini, na yenyewe inaweza kuvunjika ikigonga maji. Weka gia ndogo, nenda mwendo mmoja wa mtu anayetembea haraka, usisimame katikati, usikanyage mafuta kwa nguvu. Kukanyaga ndiko kunakomaliza watu. Injini ndogo ya lita 1.5 kwenye mizunguko 3,000, pedali ikiwa chini kabisa, inavuta zaidi ya lita elfu mbili za hewa kwa dakika, na mdomo wake kwenye magari mengi madogo uko mbele tu hapo, nyuma ya grili au pembeni ya taa. Na lori likija kutoka upande wa pili, subiri lipite. Barabara ya Bagamoyo nimeona magari yaliyokuwa salama kabisa yakipigwa na wimbi la lori mpaka juu ya boneti. Dereva wa lori hata hajui.

Ukitoka majini bonyeza breki kidogo kidogo ukitembea, zikauke kabla hujazihitaji.

Yangu ya dizeli, ina snokeli

*Salaam aleikum fundi. Mimi ni dereva, nakaa Mombasa, naendesha Prado ya dizeli, kazi yanipeleka sana Garsen na Hola. Gari yangu nimeifunga snokeli. Mwenzangu asema dizeli haina plagi, kwa hivyo maji hayaisumbui. Ni kweli? — Dereva wa Tana*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwenzako amepata nusu. Dizeli haina cheche ya kulowa, kwa hiyo haizimi haraka. Na hilo ndilo tatizo: gari la petroli linalowa koili linazima, linakuokoa na ujinga wako, dizeli inaendelea kuvuta mpaka imeze. Tena haina pazia la hewa linalobana kama petroli, hata ikiunguruma tu inavuta karibu hewa yote inayoweza. Injini ya Prado ile D-4D ya lita 3 ni kubwa, lakini inabana sana, kwa hiyo juu ya pistoni inabakiza nafasi ya sentimita za ujazo kama 44. Linganisha na ile IST ya Kimara. Ukubwa wa gari haukununulii hata kijiko kimoja cha ziada.

Snokeli, lile bomba la kupandisha mdomo wa hewa hadi juu, ni nzuri kama imefungwa ikakazwa. Nyingi ninazoziona ni pambo. Bomba la nje limesimama vizuri, limepigwa rangi, lakini ndani ya mudigadi limeungwa na boksi la hewa kwa tepu, au halikuungwa kabisa. Lijaribu hivi: gari likiwa linaunguruma taratibu, ziba mdomo wa juu wa snokeli kwa kitu kipana kisichoweza kunyonywa. Injini ianze kukosa pumzi mara moja na kutaka kuzima. Ikiendelea kuunguruma kama hakuna lililotokea, basi inapata hewa pengine, na hapo penye hewa ndipo maji yatakapoingilia. Chunguza pia sehemu ya chini ya boksi la eya klina, kuna tundu dogo au kimpira cha kutolea maji ya mvua. Kimpira kikipasuka, snokeli haina maana.

Halafu kuna difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli. Difu iliyotembea mwendo mrefu ni ya moto. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo inasinyaa na kuvuta maji kupitia kile kipumulio kidogo juu yake. Oili inageuka rangi, wewe unatembea miezi, siku moja difu inalia. Ongeza kimpira cha bomba kwenye vipumulio vya difu na gia boksi, ukipandishe hadi juu kwenye boneti. Ni kazi ya saa chache.

Lakini snokeli isikupe moyo wa kuingia penye mkondo. Wewe wa huko unakumbuka Mto Enziu, kaunti ya Kitui, tarehe 4 Desemba 2021: basi la shule lililobeba wanakwaya na waumini lilijaribu kuvuka maji yakiwa juu ya daraja, wakafa zaidi ya watu 30. Basi lile lilikuwa refu kuliko Prado yoyote.

Bima kubwa wamenikatalia

*Fundi, gari langu lina bima kubwa. Lilizima majini Mbezi Beach, nikajaribu kuliwasha likagoma, likavutwa hadi gereji. Kampuni ya bima imesema mafuriko wanalipa lakini injini hawalipi, eti ni uharibifu wa mitambo. Hii ni haki? — Mlipa bima*

Mimi si mwanasheria, ila wakadiriaji wa hasara huja hapa gereji, nawasikia. Bima kubwa nyingi hulipa mafuriko, nyingine mpaka uwe umeongezea kipengele hicho. Karibu zote zinakataa kuharibika kwa mitambo kwenyewe, na nyingi zinakutaka usiongeze hasara baada ya tukio. Kampuni inabana hapo: maji yalikuwa ajali, ufunguo uliuzungusha wewe.

Kwa hiyo swali lako ni konrodi ilipinda lini. Kama gari lilizima kwa kishindo likiwa kwenye mwendo, una hoja: konrodi ilipinda ndani ya maji, kabla ya stata. Mwombe fundi aeleze hivyo kwa maandishi, pamoja na picha za kichujio, za masizi ndani ya silinda, na za alama ya maji kwenye milango. Soma mkataba wako wenyewe, usisome kipeperushi. Ukiona bado umeonewa, lalamika kwanza kwao kwa barua, kisha kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wengine mnaosoma: pigeni picha gari likiwa bado ndani ya maji, pigieni bima simu kabla ya fundi, na mwambieni kila anayewashauri kuwasha kwamba mnasubiri mkadiriaji.

Lilizama uani, halikuwashwa

*Shikamoo fundi. Maji yaliingia uani usiku, Noah yetu ya otomatiki ikazama hadi kwenye viti. Asubuhi maji yametoka. Baba amekataza isiwashwe. Je, injini imepona? Na jirani ana gari la haibridi, naye hajui afanyeje. — Binti wa Basihaya*

Marahaba binti. Mpe baba salamu zangu, kwa amri ile moja ameokoa hela nyingi. Injini isiyozunguka haivuti. Maji huweza kupenya taratibu kupitia eya klina au bomba la moshi, kwa hiyo utaratibu wa plagi na kranki niliomweleza wa Kimara ufuatwe wote, ila uwezekano ni mkubwa kwamba iko salama.

Hofu yangu iko kwenye gia boksi. Otomatiki nayo inapumua, na ikizama inaingiza maji. Ndani yake kuna sahani za klachi zenye tabaka lililobandikwa kwa gundi, na maji hulegeza tabaka lile. Vuta kijiti chake: oili nyekundu ikiwa imegeuka pinki yenye ukungu, usitembeze gari hata kulitoa getini. Imwagwe, isafishwe, irudiwe. Na msilivute kwa kamba matairi yanayoendesha yakigusa chini. Pampu ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna oili inayopanda, zinasagana kavu. Tafuteni gari la kubeba.

Baada ya hapo ni umeme, na hapa watu huchoka mapema. Zulia lote litoke, si kuanikwa mlango wazi, litoke. Chini yake kuna sponji inayoshika maji wiki nzima, na chini ya sponji kuna nyaya na soketi. Kwenye magari mengi boksi la mifuko ya hewa liko katikati, karibu na gia, chini kabisa. Kila soketi iliyozama ichomolewe, ioshwe kwa maji safi, ipulizwe ikauke, ipuliziwe dawa ya umeme. Mkiona vidoa vya kijani kwenye shaba, imeshaanza kuliwa. Maji ya huko kwenu yakichanganyika na ya bahari, au ya vyoo, kazi hii haisubiri wiki ijayo. Gari lililokaushwa juu juu huwaka vizuri leo, baada ya miezi mitatu vioo vinashuka vyenyewe, baada ya mitano taa ya mifuko ya hewa haizimi.

Jirani wa haibridi asiguse chochote. Aambiwe tu aangalie nyaya za rangi ya chungwa: hizo zina umeme wa kuua. Betri kubwa mara nyingi iko chini au nyuma ya kiti cha nyuma, na kwake hapo ndipo maji yalipofika. Atafute fundi mwenye glavu za umeme na mafunzo ya haibridi, asije huyu anayetengeneza kila kitu.

Bajaji

*Fundi, bajaji ikizima kwenye maji nifanyeje? Abiria ananiangalia. — Dereva, Mbagala*

Abiria ashuke asukume, nauli mtaelewana. Injini yako iko nyuma na iko chini, kwa hiyo inalowa kabla ya ya gari. Toa plagi, ifute, ikanyage au ipige stata mara chache plagi ikiwa nje mpaka isitoe maji, kagua kichujio cha hewa, rudisha. Oili ikiwa imegeuka rangi usiendelee na tripu, imwage. Silinda ni moja tu, huna za akiba.

Gari la yadi linanuka

*Fundi, nimeona Harrier kwenye yadi, bei iko chini ya wenzake kwa kiasi cha kunishangaza. Ndani ni safi sana ila kuna harufu ya manukato kali. Rafiki yangu anasema huenda lilizama huko huko Japani. Inawezekana? — Mnunuzi, Mwanza*

Inawezekana sana. Kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 peke yake kilizamisha magari mengi Japani, na magari ya mafuriko huko huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada ya kule, uitafutie mtu anayesoma Kijapani. Gari lililozama na likajulikana huandikwa humo. Akikuambia karatasi imepotea, endelea na mikono yako.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ule mwisho ambao hakuna anayeufikia. Mwosha magari husafisha kipande kinachoonekana. Huko ndani utakuta mstari wa tope au ukungu. Inua tairi la akiba, papasa pembezoni mwa shimo lake, mchanga laini sana haukai hapo bila maji kuuleta. Lala chali chini ya usukani na tochi uangalie bolti na mabano ya chuma, na bolti za reli za viti: kutu ya rangi ya chungwa ndani ya gari, mahali mvua haifiki, haina maelezo mengine mazuri. Chungulia taa za mbele kama zina mstari wa ndani. Fungua eya klina. Kichujio kipya kabisa kwenye boksi lenye tope kwenye kona ni jibu tosha.

Mwisho mwambie muuzaji unataka kuinua zulia upande wa dereva, kipande tu, na utalirudisha mwenyewe. Akikukatalia, panda daladala urudi nyumbani na hela yako.